Nimeunda kipandio cha mbegu cha kukokotwa na ng'ombe huku Kongwa. Serikalini nibishe hodi mlango upi?

MzeeWaRipa, Kongwa

Mbukwenyi wakuu. Na wasio Wagogo, habari za asubuhi.

Mimi ni mkulima wa ekari 7, kati ya Kibaigwa na Pandambili, umri miaka 47. Mtama ekari 4, alizeti 2, iliyobaki ni ya karanga za mke wangu na mimi sina kauli hapo. Nina maksai wawili, Simba na Bajeti. Bajeti nilimnunua mwezi Juni, wiki ile redio zote zinasoma bajeti, msinicheke.

Ardhi ya huku mnaijua. Nyekundu, mvua ikinyesha inateleza kama sabuni, jua likipiga siku tatu inakuwa sakafu. Ukilima na plau kina kilekile kila mwaka, chini kunajengeka tabaka gumu: maji hayashuki, mizizi haishuki. Na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, halafu katikati, mwisho wa Januari au Februari, inakata wiki mbili, tatu. Mtama ambao mizizi yake imekaa juujuu hauvuki hapo.

Miaka kadhaa nyuma bwana shamba wetu wa wakati ule alituletea ripa ya Magoye, ile iliyotokea Zambia. Unaifungua plau yako, unatoa ile sehemu inayopindua udongo, pale pale unafunga ulimi mwembamba wa chuma. Hailimi shamba lote. Inachana mstari tu, inchi 6 hadi 8 kwenda chini, kisha unaruka hatua moja unachana mwingine. Mvua ya kwanza inaingia mstarini na kukaa. Tulionyeshwa asubuhi moja, tukapiga makofi, ripa ikapakiwa kwenye gari ikaondoka. Sikuiona tena.

Basi nikaunda yangu. Ulimi tumekata kwenye springi ya Fuso, mimi na kijana mmoja wa kuchomelea hapa Kibaigwa. Ilifanya kazi, ila niligundua nimeondoa taabu moja nikabaki na nyingine. Ng'ombe wanachana, nyuma yao familia nzima tumeinama tunadondosha mbegu. Mke wangu akasema, "Umewapumzisha ng'ombe, sisi je?" Nilikaa na neno hilo hadi kiangazi.

Ndipo nikaongeza kipandio. Gurudumu la baiskeli ya mtoto linatembea ardhini nyuma ya ulimi, mnyororo wake unazungusha kisahani kilicho chini ya kopo la maziwa ya unga. Kisahani hicho nimekikata kwenye soli ya kandambili, matundu nimetoboa kwa msumari wa moto. Kwanza nilitumia bati, likawa linasaga mbegu, mtama unatoka chenga. Soli ni laini, mbegu inakaa kwenye tundu, ikifika kwenye bomba inadondoka. Mnyororo mdogo umeburuzwa nyuma unafukia. Gharama yote ilikuwa 185,000, pamoja na soda za fundi.

Ekari moja ilikuwa inatuchukua watu 4 siku mbili. Sasa mimi nashika, mwanangu anaongoza ng'ombe, tunamaliza kabla jua halijawa kali.

Majirani 11 wanaitaka. Hapo ndipo kichwa kinaniuma, maana siwezi kuziunda 11 kwa pesa ya mfukoni. Nilidhani serikali italipenda jambo hili. Nikaipeleka Nane Nane pale Nzuguni, nikapewa kona nyuma ya mabanda ya kuku. Wakubwa walipita, wakaipiga picha, mmoja akachukua namba yangu akasema "tutakutafuta". Simu naichaji kila siku. Nikaenda ofisi ya kwanza (jina nalihifadhi), wakasema hiki ni chombo, sisi ni mazao, nenda viwanda. Ofisi ya pili wakaniuliza, cheti cha majaribio kiko wapi? Nikauliza kinatolewa wapi, wakasema "kuna taasisi inahusika". Ipi? Aliyekuwa anajua yuko safarini.

Sisemi serikali haitoi kitu. Redioni nasikia bajeti ya kilimo ilitoka bilioni 294 mwaka 2021/22 ikaruka hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na 2024/25 ikapita trilioni 1.2. Mbolea ya ruzuku nimeinunua mwenyewe. Msimu wa 2022/23 nilijiandikisha, namba ikaja kwenye simu, DAP nikaichukua kwa 70,000 mfuko. Nikaiweka shambani vizuri tu. Mvua ikakata. Nilipofukua wiki mbili baadaye, chembe ziko vilevile nilivyoziweka, nazihesabu kiganjani kama shanga. Kwangu mimi maji yanatangulia mbolea, na kitu kinachoingiza maji ardhini ndicho sioni dirisha lake.

Naomba mwenye kujua anielekeze. Na kama kuna aliyeunda kitu chake akasaidiwa kweli, aseme alipitaje.

---

BwanaShambaMstaafu, Mpwapwa

Mbukwa mdogo wangu. Nimesoma mara mbili.

Nimefanya ugani miaka 31, na inawezekana mimi ni mmoja wa wale waliokuonyesheni ripa wakaondoka nayo. Nisamehe. Ile ripa ilikuwa moja kwa wilaya nzima na ilikuwa na ratiba kama ya askofu.

Nikueleze kwa nini dirisha lako hulioni. Ruzuku inapita kirahisi kwenye kitu chenye mfuko. Mfuko una kilo, una bei, una risiti, mkaguzi akija unamwonyesha. Tangu enzi za vocha za pembejeo, miaka ya 2008 kuendelea, mpaka huu mfumo wa namba kwenye simu, ni mbolea na mbegu, na mbegu yenyewe kwa sehemu kubwa ni mahindi. Sasa mahindi na Kongwa... wewe mwenyewe mkulima wa mtama unajua nisichokimalizia. Mwaka 2022 maafisa ugani walipewa pikipiki, jambo zuri sana, mimi nilikuwa nakaribia kustaafu nikapanda kidogo. Lakini afisa ugani akikuta mkulima amebuni kitu hana fungu la kumnunulia hata elektrodi za kuchomelea. Anachoweza ni kuandika kwenye taarifa ya robo mwaka, "mkulima mbunifu 1". Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Majibu yako sasa. Taasisi waliyosahau kukutajia ni CAMARTEC, iko Arusha. Ilianzishwa 1981, iko chini ya Wizara ya Viwanda na Biashara, na kufanya majaribio ya zana za kilimo ni kazi yake. Ila usikurupuke kwenda Arusha na kopo la maziwa. Anza SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya mkoa iko Dodoma mjini. SIDO ipo tangu 1973 na kazi yake ni watu kama wewe na huyo kijana wako: watakusaidia mchoro, vipimo, na kuunda cha pili kilicho sawasawa na cha kwanza. Hilo la pili kufanana na la kwanza ndilo mafundi wetu wengi linatushinda.

Na kwa kuwa uko Kongwa nikuchekeshe kidogo. Waingereza waliwahi kuja hapo hapo kwenu na mpango wa karanga, 1947. Matrekta, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya vita, reli, mahema, wataalamu. 1951 wakafunga virago, pauni milioni 36 zimeteketea. Mibuyu iliwashinda, mvua ikawashinda, na ule udongo wenu wenye mchanga mkali ulikuwa unakula chuma, majembe yanaisha kama sabuni. Kwa hiyo kabla ya kwenda popote niambie: huo ulimi wa springi unadumu ekari ngapi?

---

MzeeWaRipa

Shikamoo mzee. Nimekusamehe, ila wale watu wa ripa walikuwa wanakunywa togwa yetu yote.

Swali lako limegonga penyewe. Ulimi wa kwanza ulidumu kama ekari 9 ukawa butu kabisa. Wa pili fundi aliuchomea kipande kigumu mbele, umefika ekari 15 na bado unavuta. Udongo wetu unakula kweli. Babu yangu alifanya kibarua kwenye mashamba yale ya karanga, alikuwa akisema mzungu alilia mbele ya trekta. Sijui kama ni kweli, babu alipenda kutia chumvi.

---

MamaUbuyu, Chamwino

Mimi nitasema neno la upande wa pili, usikasirike kaka yangu.

Ubunifu wako mzuri lakini ni wa mwenye ng'ombe. Kijijini kwetu nikihesabu kaya 10, zenye jozi ya maksai ni tatu. Wengine tunalima kwa mkono, na wengi wa sisi wa mkono ni wanawake. Mimi natumia mashimo ya Chololo. Yalianzia kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, yalitoka kwenye kichwa cha mkulima. Shimo upana kama sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60 kwenye mstari, mstari hadi mstari 90. Udongo unaotoka unauzungushia upande wa chini kama tuta. Ndani unatia majivu kwanza kwa ajili ya mchwa, samadi, mabua, unarudishia udongo ila huujazi, unaacha nafasi maji yatuame. Mbegu mbili.

Mwaka ule mtama wa jirani ulikauka Februari, wangu ulisinyaa mchana na kuamka usiku. Nilikuwa naenda alfajiri kuutazama tu. Nikifukua shimoni kwa kidole, pale kidole kinapofika pingili ya pili, kuna ubaridi.

Sasa sikia. Ekari moja ina mashimo zaidi ya 7,000. Nani anachimba? Mimi, na mgongo wangu huu. Hilo halina mfuko, halina risiti kama alivyosema mzee. Nilipouliza kwenye mkutano kama ruzuku inaweza kulipia vibarua wa kuchimba, mheshimiwa mmoja aliniambia "mama hiyo ni kazi ya mikono, changamkieni fursa". Nilirudi nikachangamkia jembe.

Kwa hiyo ninachotaka kutoka kwako ni hiki: hiyo ripa yako inaweza kunichania mstari mimi nisiye na ng'ombe? Kwa kukodi? Ukija na maksai wako ukachana, nikachimba ndani ya mstari uliolegea, nadhani kazi ya mgongo itapungua nusu.

Na kuhusu pesa usidharau halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo isiyo na riba: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2. Ilisimamishwa 2023, ikarudi. Wewe kwa umri wako na ndevu zako huingii popote. Lakini kikundi chetu kinaingia. Tunazalisha mbegu ya mtama Macia, daraja la kuazimiwa (ile mbegu bora wanayozalisha wakulima wadogo wenyewe), TOSCI, wakaguzi wa mbegu wa serikali, wanakuja kukagua shamba kabla ya kuvuna, tunauza kwa majirani. Hatujawahi kukosa marejesho. Kikundi kama hiki kikikopa kinaweza kununua ripa yako na jozi ya ng'ombe, kikawa kinakodisha.

---

MzeeWaRipa

Mama Ubuyu, nimesoma nikamsomea na mke wangu, akasema "umepata mwenzio wa kukuambia". Sina hasira.

Kweli sikuwaza wasio na ng'ombe. Hata mashimo 7,000 sikuwahi kuyahesabu, nilikuwa naona watu wameinama tu.

Inawezekana kuchana kwa kukodi. Huku kulima ekari moja na plau kwa ng'ombe wa kukodi ni 40,000. Kuchana mistari ni kazi nyepesi zaidi, ng'ombe hawachoki hivyo, naweza kufanya 20,000. Ila ni Oktoba na Novemba, ardhi ikiwa kavu, na hapo ndipo ng'ombe wamekonda, majani hakuna. Simba mwezi huo mbavu zinahesabika. Hili nalo ni tatizo ambalo hakuna kopo la maziwa litakalolitatua.

Hilo la kikundi kununua na mimi kuunda sijawahi kuliona hivyo. Nilikuwa naitafuta pesa ije kwangu.

---

FundiChuma, Dodoma mjini

Mimi ni fundi, nipo kazi hii mwaka wa 14. Nitaongelea chuma tu, siasa nawaachia.

Soli ya kandambili ni akili nyingi, nakuvulia kofia. Lakini una matatizo mawili usiyoyasema. Moja, mbegu za uwele lazima zinakupita. Uwele mdogo, utaingia chini ya kisahani, tundu moja litabeba mbegu 6. Mbili, hakuna kitu kinachofagia mbegu za ziada juu ya tundu. Chukua brashi ya viatu, ikate kipande, ifunge ndani ya kopo iguse kisahani pale kabla ya bomba. Inafagia zilizozidi, inayobaki tunduni ndiyo inadondoka. Vipandio vya kiwandani vingi vina kitu kama hicho. Na kisahani cha uwele kikate kwenye ndoo ya plastiki iliyopasuka, soli iachie mtama na alizeti. Plastiki haivimbi.

Nakuuliza na wewe ujibu kweli: mvua ikinyesha kidogo, udongo wa unyevu, bomba halizibi?

---

MzeeWaRipa

Umenikamata fundi.

Linaziba. Msimu uliopita jirani aliniomba nimpandie kwa kipandio changu, mvua ilikuwa imenyesha usiku, tukasema ardhi imekauka vya kutosha. Mdomo wa bomba ulijaa tope bila sisi kujua. Kisahani kinazunguka, kopo linapungua kidogo kidogo kwa sababu mbegu zinamwagika pembeni, tunatembea tunapiga soga. Baada ya siku 8 jirani akaja mlangoni, hakupiga hodi, akasimama tu. Nikajua. Mistari 9 haina mmea hata mmoja. Nilimrudishia mbegu na nikampandia kwa mkono mimi na watoto, lakini zile siku 8 za unyevu nani anazirudisha? Alivuna ile sehemu debe tatu.

Sikuandika hili mwanzo kwa sababu nilitaka mnipende.

Na kusema ukweli nilipokuwa naandika kwa hasira kuhusu wale wa "cheti cha majaribio", nilikuwa namkumbuka jirani yangu kimoyomoyo. Ningeuza 11, zikaziba 11, leo nisingekuwa napita barabarani.

---

FundiChuma

Umesema la kiume. Tatizo hilo lina dawa: bomba liishie nyuma ya ulimi kwa vidole vinne, likatwe mshazari, mdomo utazame nyuma, si chini. Na kata dirisha dogo kwenye bomba ufunge kipande cha chupa ya maji, mshika mkono aone mbegu zikipita. Akiona kweupe, anasimama.

Pia usitumie elektrodi za kawaida kwenye ncha ya ulimi, kuna zile za kujaza uso mgumu, ni ghali ila ziulize. Na springi ukishaikata kwa moto inalegea, inabidi uipashe tena na kuizamisha kwenye oili chafu. Kijana wako anajua hilo? Wengi hawajui, ndiyo maana ekari 9.

SIDO nimewahi kupita. Sitasema ni mbinguni, kuna kusubiri. Ila nilitoka na mchoro wenye vipimo, na mchoro ule ndio ulinipa kazi nyingine nne. Mteja akiona karatasi anakuamini kuliko akiona mikono yako.

---

KaraniWaMtumba

Habari zenu. Mimi ni karani kwenye moja ya ofisi hizo mnazozisema, cheo changu ni cha kubeba mafaili, kwa hiyo msinitukane mimi.

Mzee, tatizo lako ni kwamba kitu chako kimekaa katikati ya wizara tatu. Kikiwa shambani ni Kilimo. Kikiwa karakana ni Viwanda na Biashara, ndiko SIDO na CAMARTEC waliko. Kikiwa wazo ni Elimu, Sayansi na Teknolojia, huko kuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Faili linalogusa wizara tatu halina mwenyewe, nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye huwa nalibeba. Hakuna mtu mbaya, kila mmoja anaona ni la mwenzake.

Kwa upande wa wazo: kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yalianza 2019. Yana kundi la wabunifu wa mfumo usio rasmi, yaani watu ambao hawakupitia chuo, na wanaofanya vizuri huendelezwa ubunifu wao. Wabunifu wa zana za kilimo wameshaingia humo. Watakutaka ueleze kitu kinafanyaje kazi na kinatofautianaje na vilivyopo, kwa hiyo ule mchoro wa SIDO utakufaa na huko.

Kuhusu hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wako, inayosajiliwa kwa wakala wa serikali BRELA, wengi watakushauri ukimbilie. Mimi ningesubiri. Ripa si yako, ni ya Zambia. Kinachoweza kuwa chako ni kisahani na mpangilio wake, na hicho umekionyesha Nzuguni watu wakapiga picha. Kitu kilichoonyeshwa hadharani ni vigumu kudai ni kipya.

Mtu atakutajia na BBT. Ule ni mpango wa vijana na mashamba makubwa ya pamoja, kwenu huku ni Chinangali na Ndogowe, ulizinduliwa 2023. Si wako, usipoteze nauli.

---

MzeeWaRipa

Nauli! Ndiyo kwanza umenikumbusha. Basi langu la Kibaigwa linapita Mtumba mlango kwa mlango. Nimepita pale mara ngapi naangalia yale maghorofa ya wizara, najiambia humo ndani kuna mtu anatafuta kipandio na mimi ninacho. Kumbe yuko kwenye jengo la pili na faili liko la tatu.

Sawa. Nimekaa na mke wangu na kijana wa kuchomelea jana jioni. Kijana ana miaka 26, ana wenzake wanne pale karakana na mmoja ni binti anayepaka rangi mageti. Wao ndio vijana wa asilimia 4. Wataandikisha kikundi, waombe mkopo wa mashine ya kuchomelea na vyuma, kazi yao iwe kuunda. Mimi nitabaki na shamba la majaribio na lawama. Kikundi cha Mama Ubuyu, kama kweli hatanii, kitakuwa mteja wa kwanza. Hivyo hakuna hata shilingi moja inayoitwa "ya ubunifu" itakayopita kwangu. Inaniuma kidogo, sitaficha. Nilitaka mtu mmoja wa serikali aje asimame shambani, atazame mstari ulivyonyooka, aseme vizuri.

Mzee Mstaafu, ukipita Kongwa njoo wewe.

---

BwanaShambaMstaafu

Nitakuja. Sina taarifa ya robo mwaka ya kuandika siku hizi, kwa hiyo nitakuwa na muda wa kutazama. Togwa iwepo.

Jambo moja la kazi: kabla ya SIDO, fanya jaribio la maana. Chukua ekari moja, igawe vipande vinne. Kimoja plau ya kawaida, kimoja ripa na kupanda kwa mkono, kimoja ripa na kipandio, na cha nne mwachie Mama Ubuyu au mtu mwingine achimbe mashimo ya Chololo. Mbegu moja, siku moja. Hesabu mimea siku ya 14, pima mavuno kila kipande peke yake, andika kwenye daftari hata kama ni la shule la mtoto. Na weka mtoto wa kufukuza ndege wa kweleakwelea, maana wale hawatajali jaribio lako. Ofisa akikuuliza cheti, mpe daftari kwanza. Nimeona madaftari yakifungua milango ambayo barua hazikufungua.

---

MamaUbuyu

Sitanii. Tumekaa kikao Jumapili baada ya kanisa. Wajumbe wamekubali tuombe, ila wana masharti: waone kwanza kwa macho, kisahani cha uwele kiwepo, na mikono ya kushikia ipunguzwe urefu. Umeitengeneza kwa mwanaume mrefu. Mimi nikishika nitakuwa nimening'inia.

Kipande cha nne nitachimba mimi. Nauli unarudisha.

---

MzeeWaRipa

Mikono itapunguzwa, tutaiwekea matundu matatu ya bolti, kila mtu afunge urefu wake.

Naenda SIDO Alhamisi. Nimeifungua vipande vitatu, ulimi nimeufunga na gunia usimkate mtu. Gurudumu na kopo nitapakata. Kuna anayejua kama kondakta atakubali kuweka chuma cha kilo 30 juu ya keria ya basi, na watanitoza kama mzigo au kama abiria?

---

FundiChuma

Kama mzigo. Panda la saa 12 asubuhi, kondakta wa alfajiri hana nguvu za kubishana. Ukishuka stendi ya Nzuguni nipigie, nina toroli.